Vidato vya Chemchemini

Watu wa mtaani hawakuweza kumtaja Kitinda bila kutaja na subira yake. "Yule ana moyo," walisema. "Kama si yeye, dada yake angekwisha kuoza kitandani." Kitinda akiyasikia hayo huinamisha kichwa na kusema, "Ni damu yangu, nitafanyaje?" Nao wakazidi kumsifu.

Waliishi wawili tu, yeye na dada yake, katika nyumba aliyoijenga baba yao ukingoni mwa mteremko. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kipande cha msitu kilichoshuka hadi kwenye chemchemi. Zamani walikuwa wakipita humo kuteka maji. Bomba lilipofika mtaani, njia ikamezwa na vichaka, na wenye takataka zao wakagundua kwamba msitu hauna mdomo wa kulalamika.

Dada mtu alirudi pale baada ya kupigwa na kiharusi. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti ya kumwita mtu aliye mtaa wa pili. Kiharusi kilichukua mguu wa kushoto na mkono wa kushoto, ulimi kiliuogopa. Mwanawe, aliyefanya kazi nchi ya mbali, alimsukuma kwa kiti cha magurudumu hadi barazani, akamwambia Kitinda, "Mama mdogo, sina mwingine." Kesho yake akapanda ndege.

Basi Kitinda akamwogesha, akamlisha, akamgeuza, akambadilisha nguo. Kazi hiyo aliijua vizuri kuliko mtu yeyote mtaani. Na haikupita muda akaanza kuufungua msitu.

Alikuwa na ujuzi wake. Miaka mingi alikuwa amekuza miche katika kitalu cha manispaa, na alipostaafu alibaki na mikono isiyojua kukaa bure. Kwanza aliwalipa vijana wakazoa chupa, matairi na magodoro yaliyochanika. Kisha akaingia mwenyewe na panga. Miti mikubwa hakuigusa. Alikata matawi ya chini tu, ili mtu apite wima na kivuli kibaki juu kama paa. Kila mkuyu alioukuta aliuzungushia njia badala ya kuupinga, na njia yenyewe akaitandika vibanzi vya mbao alivyopewa bure na maseremala, mguu ukikanyaga usizame na wala usipige kelele.

"Anamtengenezea dada yake," watu wakasema. "Amsukume kivulini apate hewa."

Kitinda aliendelea kukata matawi.

Dada mwenyewe aliamini. Kila jioni, akiwa barazani na blanketi magotini, aliuliza, "Mmefika wapi?"

"Kwenye mkuyu wa pili."

"Bado sana chemchemi?"

"Bado kidogo."

"Mdogo wangu, ile chemchemi nikiiona tena, basi. Nakumbuka tulivyokuwa tunatia miguu mle, wewe unalia baridi, mimi nakucheka. Utanipeleka?"

"Njia ikiisha, Dada."

Njia ilipofika pale ardhi inapoanza kushuka kwa nguvu, Kitinda akamwita fundi wa kujenga kwa mawe. Jina lake la kuzaliwa hakuna aliyelitumia. Wote walimwita Mawe. Mtu mpole, mabega kama mlango. Alitembea juu chini, akachomeka vijiti, akarudi akijifuta jasho.

"Hapa pana njia mbili," alisema. "Tukishuka moja kwa moja, ni vidato vya ngazi. Tukizunguka kule upande wa kushoto, tunapinda mara mbili tatu, mteremko unakuwa laini kabisa. Kiti cha mama kinateleza chenyewe mpaka majini, kazi yako ni kukishika kisikimbie."

"Weka vidato."

Mawe alicheka, akidhani ni mzaha. "Na mama?"

"Nimesema vidato. Virefu, vya mawe yasiyochongwa. Nataka paonekane pa asili."

"Lakini mama si ndiye…"

"Mawe, nilikuita ujenge au uniulize habari za nyumbani?"

Mawe akainama, akaanza kuchimba.

Asubuhi moja Dada akiwa bado kitandani, Kitinda alichukua kamba ya kupandia, akapima upana wa kiti kutoka gurudumu hadi gurudumu, akafunga fundo. Kisha akaenda pale juu ya kidato cha kwanza, akamwonyesha Mawe mahali pa kusimamisha nguzo mbili za mti mgumu, moja huku na moja huku, kama mlango usio na ubao. Kati ya nguzo na nguzo aliacha nafasi pungufu ya fundo kwa upana wa kiganja.

"Ni za kuzuia ng'ombe," alimwambia.

Mtaa ule haukuwa na ng'ombe hata mmoja.

Sasa, mtu hazaliwi na kamba ya namna hiyo mkononi. Kitinda alipokuwa msichana alikuwa na mchumba, fundi wa pampu za maji, kijana mkimya aliyekuja kutengeneza pampu ya jirani akarudi mara tatu kuuliza kama bado inafanya kazi. Mambo yalikwenda hadi shangazi za kijana wakaja kujitambulisha. Mama yao alikuwa amekwisha kufa, na baba alikuwa amelala chumba cha ndani, mgongo umevunjika, hageuki mpaka ageuzwe. Kwa hiyo aliyewapokea wageni ni Dada. Kitinda aliambiwa akae jikoni, kama ilivyo adabu. Alisikia vicheko, vikombe, kisha kimya, kisha viatu vikitoka. Fundi wa pampu hakuonekana tena. Dada akasema, "Wanaume ndivyo walivyo, mdogo wangu. Usilie kwa mtu wa pampu." Miezi michache baadaye Dada akaolewa yeye, akaenda zake, na Kitinda akabaki kumgeuza baba mpaka baba alipokufa. Kufikia hapo yeye naye alikuwa na mvi.

Ukweli aliupata msibani kwa mtu mwingine kabisa. Bibi mmoja aliyekaa karibu naye mkekani alimkazia macho, akamgusa goti kwa huruma. "Wewe si yule binti wa mlimani? Na ule ugonjwa wako ulipona?"

"Ugonjwa gani, bibi?"

"Kifafa. Dada yako alituambia siku ile. Alilia kabisa, maskini. Alisema asingependa mtoto wetu adanganywe."

Kitinda alimjibu kwamba ulipona. Akarudi nyumbani, akapika, akala. Hakumwambia mtu. Miaka ikapita, na siku kiti cha magurudumu kiliposimama barazani, alikipokea kwa mikono miwili.

Vidato vilipokwisha, alihamia bondeni. Huko ndiko alikoweka moyo. Mtu fulani wa zamani alikuwa amechimba mtaro kuyakimbiza maji ya chemchemi. Kitinda akauziba kwa udongo wa mfinyanzi, akayaacha maji yatambae yatakavyo. Yalipotulia akaona wapi ni kina cha goti, wapi cha kifundo, wapi ni tope tu, akapanda kwa kufuata hivyo. Nyuma, matete ya kuzuia upepo. Mbele yake mafunjo. Kwenye tope akaweka ndago na magimbi yenye majani mapana kama masikio ya tembo, na katikati, penye maji ya kusimama, mayungiyungi. Alifanya kazi hiyo akiwa amezama hadi mapajani, ruba wakimganda miguuni, naye akiimba. Wiki chache tu na vyura wakahamia. Kerengende wakafuata. Ndege mmoja mwenye miguu mirefu akawa anakuja kila asubuhi kama mkaguzi.

Vyura walisikika hadi barazani. Dada aliwasikiliza mdomo wazi.

"Wako wengi?"

"Usiseme. Na leo yungiyungi la kwanza limechanua, Dada. Jeupe, kubwa kama sahani. Katikati njano. Harufu yake ukiinama unaisikia, tamu, halafu inapotea."

"Hebu nichumie moja."

"Likichumwa linajifunga. Ni la kuonwa palepale."

"Basi nipeleke."

"Njia ikiisha."

"Si umesema imeisha?"

"Bado kidogo tu."

Na kila jioni alileta jipya, alilipanga vizuri, akalieleza polepole huku akimlisha uji. Alipoona macho ya Dada yamejaa, alifuta kijiko ukingoni mwa bakuli, akaendelea.

Sifa za bustani zikafika kwa chama cha wapenda bustani. Mwenyekiti wao, mama mwenye kofia pana na machozi ya karibu, akapiga simu: wanakuja Jumamosi, watu kama ishirini, kuiona. Dada akaomba anyooshewe gauni lake la kijani. Akaomba asukwe. Kitinda akamsuka, akampaka mafuta, akamvalisha hereni. Wageni walipowakuta barazani, yule mwenyekiti aliweka mkono kifuani.

"Jamani! Ndiye huyu aliyetengenezewa?"

"Ndiye mimi," Dada akasema. "Nilikuwa nasubiri nyie ndio nizinduliwe."

Wakacheka wote. Kitinda akashika mishikio ya kiti, akatangulia. Njia ilikuwa laini kama zulia. Jua lilipenya majanini likawa madoa madoa juu ya gauni la kijani. Dada aliinua mkono wake mzima, akagusa kila shina lililokuwa karibu, akiwaeleza wageni: hapa nilianguka na ndoo, hapa tulikuwa tunajificha. Hata Mawe, aliyealikwa kwa heshima ya kazi yake, alitabasamu, ingawa alikuwa akitembea nyuma kabisa.

Kwenye zile nguzo mbili, kiti kikagonga. Kitinda akakirudisha nyuma, akakisukuma tena, kikagonga.

"Ah!" akasema kwa sauti ya kusikika na wote. "Dada, nisamehe. Kiti hakipiti. Kichwa changu hiki! Nimejenga weee, hilo nimelisahau kabisa."

Dada alizitazama nguzo. Akanyoosha shingo, akaona vidato vinavyoshuka, kimoja kirefu kuliko kingine, mpaka vinapopotelea majanini. Kutoka chini vyura walikuwa wakiita. Kisha, kwa kuwa wageni walikuwepo, akacheka.

"Haya nendeni, nendeni. Mimi nitalinda mikoba."

Mawe akapenya mbele ya watu. "Mama, nitakubeba. Nimebeba mawe mazito kuliko wewe humu humu."

"Hapana," Kitinda akasema. "Ukiteleza naye itakuwaje? Mwache, hapa pana kivuli kizuri."

Wakampa mikoba, wakashuka. Dada aliwasikia chini wakishangaa. Alisikia mtu akisema harufu yake tamu halafu inapotea. Waliporudi, mwenyekiti alikuwa akipangusa macho. Alimkumbatia Kitinda mbele ya kile kiti, akasema hajapata kuona upendo wa namna ile duniani.

Jioni, wageni wameondoka, Kitinda alikuwa akimvua hereni dada yake.

"Ulikipima?" Dada akauliza.

"Nini?"

"Kiti."

Kitinda akaiweka hereni mezani. "Nilikipima."

"Umejua tangu lini?"

"Siku nyingi. Yule shangazi mtu aliniuliza kama nimepona."

Dada akashusha pumzi, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu akaona si ghali alivyodhani. "Kwa hiyo umechimbua mlima mzima kunijibu neno moja. Ungenitukana tu, mdogo wangu, tukaokoa mawe."

"Kwa nini ulisema vile?"

"Unajua kwa nini. Baba alikuwa wa kugeuzwa usiku na mchana. Mmoja wetu angeolewa, mmoja angebaki. Mimi nilikuwa mkubwa, na mchumba wangu hakuwa na subira." Akageuza uso. "Ukingoja niseme samahani utakaa sana. Ingekuwa leo ningesema tena. Yule wa pampu alikuwa mtu mzuri, asingekuacha ovyo ovyo. Ilibidi niseme ugonjwa mkubwa."

Kitinda akamfunika blanketi, akazima taa, akatoka. Alikuwa ameungoja usiku ule miaka, akidhani dada yake atalia.

Siku kadhaa zikapita wakisemezana ya lazima tu. Asubuhi moja Kitinda akaenda mjini kununua mbolea. Aliporudi, baraza ilikuwa tupu. Alifuata alama za magurudumu juu ya vibanzi mpaka kwenye nguzo. Kiti kilikuwa pale kimeegemea, hakina mtu. Kwenye kidato cha kwanza kulikuwa na kiatu. Kwenye cha tano, kitambaa kilichochanika na damu kidogo.

Dada alikuwa ameshuka kwa makalio, kidato kwa kidato, kwa mkono mmoja na mguu mmoja. Kitinda alimkuta chini, ameketi kwenye maji yaliyomfika kiunoni, gauni limemvimba mgongoni kama kibofu. Alikuwa aking'oa. Aling'oa kwa mkono wa kulia, kwa utulivu, kama mtu anayechambua mboga. Ndago zimekwisha. Magimbi yamelala chali, mizizi juu. Mafunjo yamevunjwa kiunoni. Mayungiyungi aliyavuta kwa vikonyo vyake virefu akayarundika pembeni, na yalikuwa yameshajifunga. Kila alichokifikia kwa mkono kilikuwa kimetoka; palibaki nusu duara ya tope tupu, na yeye katikati.

"Nimefika," akasema. Midomo yake ilikuwa ya kijivu. "Umenidanganya. Hayana harufu yoyote."

Kitinda hakupiga kelele. Aliweka kikapu chini, akavua viatu, akaingia majini. Akaokota miche mmoja mmoja, akaisuuza mizizi, akaipanga mapajani mwa dada yake.

"Panda."

"Nini?"

"Ulivyong'oa, panda."

"Kitinda, nasikia baridi."

"Hata mimi nilikuwa nasikia baridi, ulikuwa unanicheka. Panda."

Akarudi akaketi kwenye kidato cha mwisho, mikono magotini. Dada akamtazama muda mrefu. Kisha akatoboa tope kwa kidole, akasimamisha mche wa ndago. Ukaanguka. Akausimamisha tena. Maji ya chemchemi yale hayajui jua. Hata kiangazi mtu akitia mguu humuuma hadi mfupani. Dada alipanda akitetemeka. Mingine aliipanda kichwa chini, kwa makusudi au kwa kutoona, na Kitinda akamwambia, "Huo umeugeuza." Akaugeuza. Jua likapanda, likavuka miti. Meno ya Dada yakaanza kugongana, yakawa yanasikika kati ya vyura. Mara moja alisema, "Mdogo wangu," kwa sauti ndogo ambayo haikuwa yake. Kitinda akasikia kitu kikimnyanyuka kifuani, akakikalia.

Aliyewakuta ni Mawe, amekuja kukaza jiwe lililolegea. Alisimama juu yao akaona yote kwa mara moja. Alivuka pale alipoketi Kitinda, akaingia majini na viatu vyake, akamnyanyua yule mama na miche yake mapajani, akapanda naye vidato vyote bila kupumzika. Alimwacha kitandani mikononi mwa jirani, akatuma mtu akaite gari. Alipokutana na Kitinda mlangoni alisema tu, "Usiniite tena kwa kazi."

"Mawe, alianza yeye. Wewe hujui."

"Sitaki kujua," Mawe akasema, akaenda zake.

Ilikuwa homa ya mapafu. Hospitali walimtibu, wakamrudisha akiwa nusu ya alivyokuwa, mashavu yameingia ndani, kifua kikipiga filimbi akilala. Mtaani wakasema aliteleza akitaka kuona maua aliyopandiwa, na kwamba Kitinda alikaa naye majini mpaka msaada ulipofika. Jirani alilisimulia hilo kwa machozi. Mwenyekiti wa chama akaleta kadi.

Bustani ilikaribia kurudi kama ilivyokuwa. Miche mingine ikashika, mingine ikaoza. Wageni waliendelea kuja Jumamosi, wakapita kati ya zile nguzo mbili na kushuka, na Kitinda akawaeleza majina ya mimea.

Kisha mwana wa Dada akapiga simu. Alikuwa amesikia habari za hospitali, na alikuwa amepata nafasi katika nyumba ya kulelea wazee, mahali pazuri, wauguzi mchana na usiku. "Mama mdogo umechoka," alisema. "Umefanya ya kutosha. Gari litakuja kumchukua Jumatatu, wewe upumzike."

Kitinda aliketi ukingoni mwa kitanda. Tangu utoto hakuwahi kuambiwa neno hilo la mwisho. "Sawa, mwanangu," akasema. "Ngoja nimpe mwenyewe uongee naye."

Akamshikia simu sikioni. Dada akasikiliza mpaka mwisho, akipumua kwa filimbi, macho yake yakiwa juu ya uso wa mdogo wake.

"Hapana, mwanangu," akasema. "Niko vizuri hapa. Siondoki."

"Lakini mama…"

"Nakwambia siondoki. Mama yako mdogo ananipenda mno. Nikienda, atabaki na nani? Huyu mtu hana mume, hana mtoto. Nitamwachaje?" Akakohoa, akameza mate. "Mwambie mwenyewe, Kitinda. Mwambie unataka nibaki."

Jirani alikuwa mlangoni na sahani ya matunda, anatabasamu. Simu ilikuwa imenyamaza, inangoja. Kitinda akaiinua hadi mdomoni.

"Ndiyo, mwanangu," akasema. "Mwache abaki."

Jirani akasema Mungu awabariki, akaweka matunda mezani, akaondoka. Dada akafumba macho, ameridhika. Kitinda akaenda jikoni kuandaa maji ya kumwogesha. Aliyachota bombani, akayajaza kwenye beseni, akasimama mbele ya jiko na kiberiti mkononi. Kisha akakirudisha kiberiti rafuni, akalibeba beseni hivyohivyo, akaingia nalo chumbani.